KISIWA AMBACHO WANYAMA HAWAKIMBII

Mtu aliyezoea lindo la usiku anafahamu kwamba hasara kubwa mara nyingi hupitia lango dogo. Fikira hiyo ilitujia mwezi wa Agosti mwaka 2023, tulipokuwa tumesimama kwenye gati ya Cape Jervis, kusini mwa Australia, tukingojea feri ya kutuvusha kwenda Kangaroo Island kwa mapumziko ya siku nne. Kabla ya kupanda tulisoma bango lililotaja vitu visivyoruhusiwa kuvushwa. Miongoni mwavyo vilikuwamo sungura, mbweha, nyuki na asali.

Nasi tulikuwa na chupa ndogo ya asali, tuliyoinunua mjini Adelaide kwa ajili ya chai. Tuliitoa katika mkoba tukaiacha bara, huku tukicheka kimoyomoyo kwa kuona serikali nzima ikihangaika na chupa moja. Siku nne baadaye, tulipokuwa tukirudi kwa feri ile ile, kicheko kilikuwa kimekwisha. Katika makala hii tungependa kuwasimulia wasomaji wetu walioko makambini na vituoni mambo yaliyokikomesha.

NGOME YA MAJI

Kangaroo Island ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa katika visiwa vya Australia, baada ya Tasmania na Melville. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 4,400. Mlango wa bahari unaokitenga na bara una upana wa kilometa kama 14 tu, na feri huuvuka kwa muda wa dakika 45. Upande wa kusini hakuna nchi nyingine mpaka ufike kwenye barafu ya Ncha ya Kusini. Kwa hiyo mwezi wa Agosti, ambao huko ni wakati wa baridi, upepo hupenya koti ukaifikia mifupa.

Miaka ipatayo elfu kumi iliyopita mahali hapo palikuwa sehemu ya bara. Bahari ilipopanda, wanyama waliokuwa upande wa kusini walibaki wamezungukwa na maji. Binadamu waliwahi kuishi humo, kwani zana zao za mawe zimepatikana, lakini walipofika Wazungu hapakuwa na mtu hata mmoja. Watu wa asili wa bara ya jirani hukiita Karta, yaani kisiwa cha wafu.

Maji yale ndiyo yaliyokuja kukiokoa kisiwa katika karne ya 19. Wakati huo walowezi wa Kiingereza walileta Australia mbweha mwekundu wa Ulaya, ili wapate mnyama wa kumfukuza kwa farasi na mbwa. Mwaka 1859 bwana mmoja aliyeitwa Thomas Austin aliachia sungura katika shamba lake la Victoria, apate kuwapiga shabaha. Sungura walizaana wakala majani ya nchi. Mbweha nao wakazaana wakala wanyama wa nchi. Aina kadha wa kadha za wanyama wadogo wa Australia zilitoweka bara na hazitaonekana tena. Kangaroo Island haikupata kutawaliwa na mbweha wala sungura. Hiyo ndiyo maana ya majina yale mawili kutangulia katika bango la Cape Jervis.

JINA LILILOTOKANA NA MAUTI

Nahodha Matthew Flinders, mwanamaji wa Kiingereza, alitia nanga penye kisiwa hiki mwezi wa Machi mwaka 1802 akiwa na meli iitwayo Investigator. Mabaharia wake walikuwa wamekaa miezi mingi pasipo kuonja nyama mbichi. Waliposhuka pwani waliwakuta kangaruu wakila majani kwa utulivu, wasijue kwamba kiumbe mwenye miguu miwili ni wa kuogopwa. Siku ile waliwaua 31, wengine kwa risasi na wengine kwa kuwapiga fimbo za kichwa tu. Sufuria zikajaa, na nahodha, kwa shukrani ya mlo huo, akakipa kisiwa jina la mnyama yule aliyemlisha.

Mwaka uliofuata alifika Nicolas Baudin, nahodha wa Kifaransa, ambaye alichukua emu walio hai kuwapeleka kwao. Emu ni ndege mrefu asiyeruka, afananaye na mbuni. Yule wa kisiwa hiki alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wa bara. Ndege hao walifugwa Ufaransa, na wa mwisho alikufa mjini Paris mwaka 1822. Huko nyuma kisiwani hali ilikuwa mbaya vile vile. Wawindaji wa sili walikuwa wamekwisha kufanya makao, wakichuna ngozi na kula chochote kilichosogea. Kabla ya mwaka 1836, makazi rasmi yalipoanzishwa karibu na Kingscote, emu yule mdogo alikuwa amekwisha kuangamizwa. Leo anaonekana kama mifupa na ngozi katika majumba ya makumbusho.

Ndugu msomaji, tuliona vema kuyataja hayo mwanzoni. Kutokuogopa, kulikokuwa baraka kwa maelfu ya miaka, kuligeuka kuwa sababu ya kifo mara alipofika mwenye bunduki. Ajabu ni kwamba tabia hiyo bado ipo.

BARABARA YA USIKU

Jioni ya kwanza tulitaka kuendelea na safari baada ya jua kuzama. Mzee aliyekuwa akituendesha, mwenyeji wa kisiwa, alikataa. "Bwana," alituambia, "mchana barabara hii ni yetu, usiku ni yao." Tulidhani ni uvivu. Lakini kabla hatujafika nyumba ya wageni giza lilikuwa limeanza kutanda, na mbele ya taa za gari akatokea walabi, ambaye ni kangaruu mdogo wa kimo cha goti. Hakukimbia. Alisimama katikati ya njia akitutazama, mikono ameikunja kifuani mithili ya mzee anayesubiri kusalimiwa. Mzee wetu alizima taa kali, akangoja. Walabi alipokwisha kuridhika aliruka kando, na nyuma yake wakafuata wengine wanne. Kando ya njia tuliona mizoga ya wenzao ambao hawakupata dereva mvumilivu kama huyo.

Walabi huyo huitwa tama. Bara, katika jimbo la Australia Kusini, alitoweka katika karne ya 20 kwa sababu ya mbweha na kukatwa kwa misitu. Bahati ni kwamba katika karne ya 19 Gavana George Grey alikuwa amepeleka baadhi yao katika kisiwa cha Kawau, New Zealand. Kutoka huko kizazi cha walabi wa bara kilirudishwa nyumbani, na mwaka 2004 waliachiwa tena katika hifadhi ya Innes. Kangaroo Island hawakuhitaji kurudishwa, kwa maana hawakutoka. Wataalamu wamegundua pia kwamba mnyama huyu anaweza kunywa maji ya bahari akaishi, jambo linalomfaa sana mkazi wa kisiwa chenye kiangazi kikavu.

Kangaruu wenyewe tuliwaona asubuhi, katika ukungu, wakila majani kando ya mashamba ya kondoo. Wa kisiwa hiki ni weusi zaidi na wanene zaidi kuliko wenzao wa bara. Mtoto wa kangaruu huzaliwa akiwa mdogo kama punje ya haragwe, kipofu, asiye na manyoya, naye hupanda peke yake katika manyoya ya mama mpaka aingie mfukoni na kuishika chuchu. Humo hukaa miezi mingi. Tulimwona mmoja aliyekuwa mkubwa kupita kiasi, miguu ikining'inia nje ya mfuko, na mama akiendelea kula kana kwamba hana mzigo wowote.

MITA KUMI ZA HESHIMA

Siku ya pili tulikwenda Seal Bay, pwani ya kusini, kuwaona simba-bahari wa Australia. Hakuna ruhusa ya kushuka ufukweni pasipo askari wa hifadhi. Sheria ya kwanza anayoitaja ni kwamba kila mgeni akae umbali wa mita kumi kutoka kwa mnyama. Tukashuka ngazi za mbao, na hapo mbele yetu walilala makumi ya wanyama juu ya mchanga mweupe, kama magunia yaliyoshushwa na kusahauliwa. Dume mmoja aliinua kichwa chenye shingo ya manjano, akatutazama, akalala tena.

Usingizi ule si wa uvivu. Askari wa hifadhi alitueleza kwamba mama huenda baharini kutafuta samaki na pweza kwa siku kama tatu mfululizo, akipiga mbizi mchana na usiku, kisha hurudi kumnyonyesha mtoto na kupumzika. Mtoto hunyonya kwa muda upatao mwaka mmoja na nusu. Basi mgeni anayemshtua mama huyo ili apate picha nzuri humwibia mapumziko yasiyoweza kulipwa. Simba-bahari wa aina hii wanaishi Australia peke yake, na jumla yao ni kama elfu kumi au zaidi kidogo. Wawindaji wa ngozi walipunguza idadi yao tangu karne ya 19, na mwaka 2020 serikali iliwaingiza katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wanapungua katika pwani nyingi, na nyavu za uvuvi ni moja ya sababu.

Kwenye rasi ya Du Couedic, upande wa magharibi, tuliona sili wenye manyoya wakicheza katika mawimbi chini ya tao kubwa la mawe. Hawa nao walichunwa ngozi hata wakakaribia kwisha. Leo wamerudi kwa maelfu. Imeonyesha kwamba mkono wa mwuaji ukizuiwa mapema, bahari hulipa.

MWENYE MIIBA NA MLA MBEGU

Mnyama tuliyemtafuta kwa muda mrefu ni ekidna. Kwa mbali angedhaniwa kuwa nungunungu, kwa kuwa mwili wake umejaa miiba, lakini hawana udugu wowote. Ekidna hutaga yai, naye humnyonyesha mtoto kwa maziwa yanayotoka katika ngozi, kwa kuwa hana chuchu. Kinywa chake ni kama bomba jembamba, naye hula mchwa na sisimizi. Tulimkuta mchana kando ya njia ya miguu, akifukua chini ya gogo. Alipohisi kishindo chetu hakutoroka. Alijizika papo hapo mpaka ikabaki miiba tu juu ya udongo. Tulikaa chini kimya. Baada ya robo saa akatoka, akapita karibu na kiatu chetu, akaendelea na kazi yake.

Karibu na hapo palikuwa na msitu wa miti iliyo ndugu ya mivinje yetu ya pwani. Ndani yake huishi kasuku mweusi mwenye mkia mwekundu, ambaye chakula chake ni mbegu za mti huo tu; mti ukikosekana, naye hana pa kwenda. Mwaka 1995 walibaki kama 150. Wahifadhi walichunguza wakaona kwamba adui yake mkuu alikuwa mnyama mwingine wa asili, posamu, aliyepanda usiku kula mayai na makinda. Wahifadhi hawakuwaua posamu. Walizungushia mashina ya miti yenye viota bati laini lisilopandika, na wakatundika viota vya mbao. Kabla ya mwisho wa mwaka 2019 ndege wale walikuwa wamezidi 300. Kazi ya miaka ishirini na zaidi ilikuwa imezaa matunda.

Kisha ukaja moto.

JANUARI MWAKA 2020

Mwezi wa Desemba mwaka 2019, katikati ya joto na ukame, radi iliwasha msitu upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa. Tarehe 3 Januari 2020 upepo uliusukuma moto kuvuka kisiwa kwa kasi isiyozuilika. Watu wawili walikufa. Makumi ya nyumba yaliteketea, na kondoo walikufa kwa maelfu kwa maelfu. Hekta zaidi ya 200,000 ziliungua, karibu nusu ya kisiwa kizima. Hifadhi ya Flinders Chase, iliyoanzishwa mwaka 1919 na ambayo ilikuwa imetimiza miaka mia moja tu, iliungua karibu yote.

Hapa tunafika kwenye jambo linalowahusu wasomaji wetu kwa karibu. Tarehe 4 Januari serikali ya Australia ilitangaza kuwaita askari wa akiba wapatao 3,000 kusaidia katika mioto iliyokuwa ikiwaka sehemu mbalimbali za nchi. Waliitwa kutoka maofisini, madukani na mashambani, wakavaa sare. Waliofika Kangaroo Island hawakukuta adui wa kumpiga risasi. Walishika misumeno wakakata miti iliyoziba barabara, wakafukia mizoga ya mifugo kabla haijaleta maradhi, wakasimamisha nyua. Wengine walipelekwa katika bustani ya wanyama iliyogeuzwa hospitali, ambako walijenga vizimba vya koala walioungua nyayo.

Koala, kwa faida ya wale wasiomjua, si dubu ingawa sura yake yadanganya. Ni mnyama mwenye mfuko, jamaa wa kangaruu, alaye majani ya mkaratusi. Mkaratusi ndio mti ule ule ulioletwa Afrika Mashariki kutoka Australia na kupandwa mpaka ukaonekana kama wetu. Majani hayo yana sumu kwa wanyama wengine na lishe yake ni haba, ndiyo maana koala hulala hata saa ishirini kwa siku. Moto ulipofika hakujua ila kupanda juu zaidi, na huko juu ndiko ulikomkuta.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba koala si mwenyeji wa kisiwa hiki. Walihamishiwa hapo 18 kati ya mwaka 1923 na 1925, wakati wenzao wa bara walipokuwa wakiwindwa kwa manyoya yao. Walizaana hata wakakadiriwa kuwa 50,000 kabla ya moto, wakila miti mpaka mingine ikakauka. Kuanzia mwaka 1997 serikali ilikuwa ikiwafunga uzazi baadhi yao. Kwa hiyo askari wale walimwokoa mgeni ambaye wenyeji walikuwa wakijitahidi kumpunguza. Tulimwuliza mzee wetu kama hilo halikuwa jambo la kushangaza. Alijibu, "Anayelia kwa kuungua haulizwi alikotoka."

ADUI MWENYE SUBIRA

Moto ulipozimika, adui mwingine alikuwa akingoja. Paka walioletwa na walowezi na kuasi nyumba huishi msituni, wala hawawezi kuzuiliwa na feri, kwa kuwa wapo ndani tayari. Msitu ulipoungua, wanyama wadogo walionusurika hawakuwa tena na kichaka cha kujificha. Aliyekuwa katika hatari kuliko wote ni danati, mnyama mdogo mwenye mfuko, mwenye umbo la panya, ambaye haishi mahali pengine popote duniani ila magharibi ya kisiwa hiki. Sehemu kubwa kabisa ya makao yake ilikuwa majivu.

Wahifadhi na wenye mashamba walitega kamera katika vichaka vichache vilivyosalia. Danati alipoonekana katika picha, hawakungoja mipango mirefu. Walizungushia mahali hapo uzio usiopenyeka kwa paka, na baadaye wakajenga uzio mkubwa zaidi. Paka waliouawa walipopasuliwa, katika matumbo ya baadhi yao yalikutwa mabaki ya danati. Ushahidi huo ulionyesha kwamba uzio ule ulikuja kwa wakati wake.

Sisi danati hatukumwona. Hutoka usiku, tena ni wachache mno. Tuliuona uzio tu, ukipita katika msitu ambao mashina yake yalikuwa bado meusi huku machipukizi ya mikaratusi yakichomoza kutoka katika gome lililoungua. Ndege walikuwa wakiimba ndani. Katika msitu ule ule ekidna walikwisha kuonekana tena; wataalamu waliochunguza moto mwingine wa Australia wameona kwamba mnyama huyo huweza kujificha ardhini, akapunguza joto la mwili wake na kulala mpaka hatari ipite. Na kasuku weusi, ambao zaidi ya nusu ya miti yao ya chakula iliungua, walihesabiwa baadaye wakaonekana kwamba hawakupungua kama ilivyohofiwa.

KUVUKA TENA

Asubuhi ya siku ya nne tulirudi Penneshaw kupanda feri. Tulimweleza mzee wetu habari za ile chupa ya asali. Alitabasamu akatueleza kwamba nyuki wa kisiwani ni wa ukoo wa Italia, walioletwa katika miaka ya 1880, na kwamba tangu mwaka 1885 kuna sheria ya kuwalinda wasichanganyike na wengine. Asali ya kutoka nje inaweza kubeba maradhi yasiyoonekana kwa macho. Chupa moja yatosha.

Tulikumbuka basi kwamba mbweha wa Australia walianza na wachache, sungura walianza na wachache, na paka wa kisiwani bila shaka walianza na mmoja aliyetoroka jikoni. Hakuna aliyepiga kengele siku hizo, kwa kuwa hakuna aliyeona hatari katika kitu kidogo. Mlinzi anayeuliza juu ya asali anafanya kazi ambayo mtu angeifanya mwaka 1859 na kuiokoa nchi nzima.

Askari na polisi wanajua kwamba lindo lililofanikiwa halina habari ya kusimulia. Usiku umepita, hakuna kilichotokea, jina la mlinzi haliandikwi popote. Kangaroo Island tuliona jinsi usiku kama huo unavyofanana. Feri ilipoondoka gatini, kangaruu mmoja alikuwa juu ya kilima akila majani. Aliinua kichwa akatutazama, naye hakukimbia.